Chumba cha Leza na Chale za Bi Ghaliya

Mlinambia niandike kwa Kiarabu ili kila mtu kliniki asome. Nimejaribu. Sentensi ya mwanzo ilitoka kama tangazo la wizara, ya pili nikaifuta, ya tatu nikainuka nikenda kupika chai. Mie Kiarabu nakitumia kutoa maelekezo na kugombana na mafundi wa viyoyozi. Mambo ya moyoni yananijia kwa Kiswahili, kama yalivyokuwa yakimjia mama yangu, Mungu amrehemu, alotuvusha kutoka Unguja mie ningali mtoto. Kwa hivyo nyinyi wachache mnaokisoma, wafasirieni wenzenu. Na msiongeze chumvi, nimetia ya kutosha.

Vyeo sitovitaja. Kile nilichostaafia kimeandikwa kwenye sahani ya kioo mlonipa siku ya kuagana, na sahani yenyewe iko juu ya friji hapa nyumbani Hail, Maskati, maana kabati limejaa vyombo vya wageni wasiokuja. Nataka kukusimulieni habari za ngozi za watu, khasa ngozi zilizochorwa, kwa sababu hilo ndilo nililolitazama kwa karibu kuliko watu wengi wa mji huu, na ndilo nililobadilika nalo.

Siku yangu ya mwanzo kliniki ya ngozi nilivaa viatu vipya. Msifanye hivyo, kazi yenyewe ni kusimama mpaka adhuhuri. Nilikuwa nimetoka wodi ya wazazi, ambako watu wanaingia na uchungu na kutoka na furaha, nikahisi nimetupwa. Mgonjwa wangu wa kwanza akawa bibi wa kibedui mwenye ukurutu mikononi. Alipovua barakoa yake nikaona vidoti vya buluu kidevuni, vimepangwa kwa ustadi. Nikenda kumnong'oneza mkubwa wangu kuwa bibi ana madoa ya ajabu usoni, je, tumwite daktari?

Mkubwa wangu alikuwa Sista Mariamma, Mhindi wa Kerala, mwembamba, mkali, Kiarabu chake amekiokota wodini kipande kipande, na hakuna mgonjwa aloshindwa kumfahamu. Alichungulia mlangoni, akarudi. "Hayo si maradhi," akanambia. "Huo ni uso wake. Wewe tibu mikono."

Ikawa hivyo miaka ile. Bibi wa kibedui walikuja na washm, ile michoro ya sindano, kidevuni, wa kibaluchi na nukta juu ya nyusi, wa kwetu wa Afrika na chale mgongoni au kwenye paji, na hakuna alozungumza habari hizo. Hukumu yake mashekhe walikuwa washaitoa, na mie si kazi yangu kuongeza wala kupunguza. Lakini wale bibi hawakuwa na haya. Haya tulikuwa nazo sie, mabinti zao, tulopelekwa skuli na kuvaa sare. Sie ndio tulowavuta mitandio mbele wageni walipobisha hodi. Halafu watoto wetu wakenda kusoma nje wakarudi wamejichora, na nadhani wengine walifanya kutukomesha tu.

Sista Mariamma alonifunza kazi. Kila alokuja kutaka mchoro utolewe, akiulizwa mambo matatu: lini umetiwa, nani kakutia, kwa wino gani. Masizi ya chungu hayana tabia ya wino wa dukani, na mkono wa fundi si mkono wa rafiki mwenye sindano na muda mwingi. Ukishapata majibu hayo unajua la kufanya. Kwa nini umejichora, hakuuliza, na alinikanya nisiulize. "Hiyo kwa nini," akisema, "mpelekee mume wako nyumbani."

Zana zetu wakati ule zingewatisheni. Tulikuwa hatuna leza. Tulipiga sindano ya ganzi, tukachukua kitambaa na chumvi, naam, hii hii ya mchuzi, tukasugua ngozi ya juu mpaka ikatoka. Mchoro ukiwa mkubwa daktari akikata na kushona. Mtu akiingia na jina la mwanamke mkononi, akitoka na kovu refu kama lile jina. Wengi waliona bora kovu, kwani kovu halina la kusema.

Wapo waliokuja wamejitibu wenyewe. Nnamkumbuka Rajabu, fundi gari wa mtaa wa Ghala, kijana wa Tanga, alokuja mkono ameufunga kwa kitambaa cha kufutia grisi. Nikakifungua.

"Umefanya nini, baba?"

"Nilikuwa nafuta jina, sista."

"Kwa kitu gani?"

"Maji ya betri."

Maji ya betri yalikuwa yamekula ngozi na nyama, na katikati ya donda zilibaki herufi za kutosha kusoma kuwa mwenye jina aliitwa Zaina. Mkewe aliitwa Hadija, viza yake ishatoka, yuko njiani. Tulimsafisha donda lile wiki baada ya wiki, Sista Mariamma akimgombeza kwa Kimalayalam, mwenyewe akiitikia "ndiyo mama" bila kufahamu hata neno. Donda lilipopoa Hadija alikuja kliniki kushukuru, kachukua visheti. Nikamuuliza kama alijua habari za lile jina. "Nilikuwa nalijua tangu uchumba," akasema. "Ningelizoea. Sasa inabidi nilizoee kovu." Siku ile ndipo nilipoanza kuona kuwa watu wanajiunguza kwa haya ambazo hakuna alowaomba wawe nazo.

Mashine ya leza ilikuja ndani ya sanduku la mbao, na mafundi wakavunja kizingiti ili ipite. Mkufunzi alotumwa kutufunza alituletea machungwa, tukayachora kwa kalamu na kuyapiga mwanga, chumba kizima kikanukia maganda. Machungwa hayalalamiki. Wagonjwa walisema ni kama kupigwa ngozi kwa mpira wa kufungia karatasi, tena na tena, na wanaume walilalamika kuliko wanawake. Ngozi inafanya weupe, unaweka barafu, unapaka marhamu, unafunga, na mtu anarudi baada ya miezi, mara nyingi, mpaka rangi ife. Watu walikuja wakidhani ni kifutio cha penseli. Wengi walitoka siku ya mwanzo wamenuna.

Jambo moja niwaachieni, nalo limeshaniokoa. Ule mwanga unatafuta weusi, wala hauulizi ni weusi wa nini. Wino, jua la ufukweni, hina, au piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea maua mikononi, kwake vyote ni kimoja. Ukimpiga mtu juu ya piko, utaunguza ngozi yake na mchoro utaukuta palepale. Tulibandika tangazo mlangoni kwa lugha mbili, na bado kila baada ya Idi tulikuwa tukiwarudisha watu nyumbani na maua yao mikononi.

Niliyaona mageuzi pale kwenye viti vya kungojea. Mwanzo baba alimleta kijana wake amemshika mkono juu ya kiwiko, kijana anataka kuingia jeshini na mchoro haukubaliwi, na baba hasalimii mtu. Miaka ikapita, baba akawa anangoja ndani ya gari. Kisha wakaanza kuja wenyewe, wazi wazi, hawana aibu yoyote, wamechoshwa tu na mchoro kama mtu anavyochoshwa na pazia. Siku moja alikuja mzee na mwanawe, na wakati kijana anawekewa barafu, mzee akafunga mlango, akakunja mkono wa kanzu yake mpaka begani. Pale palikuwa na nanga, chakavu, ya ujana wake Mombasa. "Na hii mnaweza?" akauliza. Mwanawe alimtazama mpaka barafu likamwagika. Walitoka wakicheka hao, na mie nikabaki nafikiri kanzu ya mikono mirefu imesitiri mangapi hapa Maskati.

Lakini nyumbani kwangu nilikuwa bado nasema ovyo juu ya vijana wa siku hizi. Kazini mtaratibu, nyumbani hakimu. Mpaka mwaka wangu wa mwisho, walipokuja wale watatu.

Alotangulia alikuwa Bi Rahma, mwalimu mkuu wa skuli ya wasichana, wa rika langu, abaya imepigwa pasi barabara. Nyuma yake binti yake, Ibtisam, mhandisi wa barabara alosomea Ulaya. Na nyuma kabisa, akitembea kwa raha zake, Bi Ghaliya, mama yake Bi Rahma, mtandio ameuvuta mbele mpaka umefunika pembe za macho. Ni watu wa familia zilizorudi kutoka bara, Tabora, na Kiswahili chao kilikuwa cha kule, cha utulivu. Chetu cha Unguja kinakimbia.

Bi Rahma hakukaa. "Sista, nataka ya binti itoke leo. Mwisho wa mwezi wanakuja kumposa."

"Kijana anajua kama anayo?"

"Kijana anajua, wanafanya kazi pamoja, kijana hana neno. Tabu ni mama yake. Ni watu wa nasaba wale. Wanauliza mpaka babu wa babu. Akiona alama kama hizi, atauliza zimetoka wapi, na tukishafika huko, posa hamna."

Nilimfahamu vizuri. Nyinyi vijana mtasema mambo hayo yamepitwa na wakati, na nnaomba Mungu myapitishe kweli. Lakini mie na Bi Rahma tumekulia katika mji ambao swali la "nyinyi watu wa wapi khasa" lilikuwa linaulizwa kwa tabasamu, na jibu lake likiamua nani ataoa wapi. Alama ya bara usoni ilikuwa ni jibu lililokwisha kuandikwa.

Nikamwambia Ibtisam anyooshe mkono. Akanyoosha. Kifundo kizima kilikuwa kimejaa maua meusi ya piko, mazito, yanang'aa.

"Alama iko wapi?" nikauliza.

"Chini ya maua," akasema Ibtisam.

"Nilimpeleka jana kwa mchoraji, mtaa wa Hamriya," akasema Bi Rahma. "Hapa hospitali kuna watu wanatujua. Sikutaka mtu aione alama wakati tunangoja. Nikamwambia mchoraji ajaze."

Nikaweka chini miwani ya kinga. Nikamweleza kuhusu mwanga na weusi, kwamba siwezi kugusa mkono ule mpaka piko liondoke lote, na hata likishaondoka, kazi yenyewe ni ya miezi, si ya siku moja. Alikaa. Mwanamke anayeendesha skuli nzima, alikaa kwenye kiti cha wagonjwa na mkoba wake mapajani. Nilimwonea huruma ya kweli, maana mie ningefanya vilevile, na pengine ningempeleka kwa mchoraji wa ghali zaidi.

"Basi mfanyieni mama," akasema mwishowe. "Yeye hana piko."

"Mama, tulisema hilo basi," akasema Ibtisam.

"Mwache," akasema Bi Ghaliya. Akaurudisha mtandio nyuma. Pembeni mwa kila jicho palikuwa na mistari mitatu mifupi, ya buluu iliyoiva, imenyooka. "Hizi ndizo alizonazo mjukuu wangu mkononi. Kaziiga kwangu. Kama zinamzuia kuolewa, ziondoeni zote, zake na zangu. Nimekaa nazo sana."

Daktari akaja, akamtazama kwa upole, akasema ukweli kama ulivyo. Macho yatawekewa vifuniko vya chuma. Rangi inaweza kutoka, lakini ngozi ilikatwa, kwa hivyo mistari yenyewe itabaki, myeupe. Ngozi ya umri ule inapona pole pole. Tunaweza kujaribu sehemu ndogo kwanza tuone. Bi Ghaliya akasikiliza, akasema, "Kama ukuta uliotolewa picha, misumari ikaachwa." Daktari akatabasamu, akatuachia kazi.

Nikawasha mashine. Nikamlaza, nikamsafisha ngozi, na nikauliza yale matatu kama ninavyouliza kila mtu.

"Umetiwa lini, bibi?"

"Mdogo. Meno ya mbele yalikuwa yameng'oka."

"Nani kakutia?"

Bi Rahma akajibu yeye, haraka. "Mganga. Alikuwa na maradhi ya macho, wakamchanja dawa. Bara walikuwa wakifanya hivyo."

"Hakuwa mganga," akasema Bi Ghaliya, macho yake darini. "Ni mama."

Nikauliza la tatu kwa sababu ulimi wangu ulikuwa umezoea. "Kwa wino gani?"

"Masizi ya chungu chake. Na wembe."

Bi Rahma alisimama. "Mama, mimi uliniambia macho."

"Nilikuambia macho kwa sababu ulirudi skuli unalia. Wasichana walikuambia mama yako katoka porini. Ulitaka neno la kuwajibu, nikakupa hilo."

Mashine inavuma, mie nimeshika mkono wa leza hewani, na yule bibi akaendelea kwa sauti ya mtu anayeelekeza njia. Baba yake alikuwa Mwarabu mfanyabiashara kule Tabora. Siku ilifika akaamua binti aje Omani kwa jamaa zake, alelewe na shangazi. Mama yake hakutakiwa huku. Asubuhi ya safari mama akamkalisha uani, akamkata mistari ile, mfano wa ile aliyokuwa nayo yeye mwenyewe usoni, akaisugua masizi.

"Nililia sana," akasema. "Akaniambia, huko uendako watakuvalisha vingine na kukufundisha maneno mengine. Siku utakayorudi utakuwa mtu mzima. Mimi nitakujuaje? Kwa hizi nitakujua."

"Ukarudi?" Nilouliza ni mie, nilokatazwa kuuliza.

"Sikurudi."

Ibtisam alikuwa anayajua. Alinambia pale pale, kwa sauti ndogo, kuwa kabla ya kwenda kusoma alimuuliza bibi yake habari za chale, na bibi akamwambia kweli, kwa kuwa na yeye alikuwa anakwenda mbali. Huko Ulaya akaenda kwa fundi akamwonyesha picha ya uso wa bibi. Mie nlikuwa nimeshamhukumu kuwa kafanya kwa fasheni.

"Haya, mwanangu," Bi Ghaliya akanambia. Akafumba macho, akaniinulia uso. "Piga."

Nasema wazi, sikuipenda kazi yangu dakika ile. Nimefuta majina, nyoka, mafuvu, mioyo iliyochomwa mishale, wala sikuwahi kuona kuwa naharibu kitu. Nilitaka daktari arudi, umeme ukatike, lolote.

"Sista, ngoja," akasema Bi Rahma. "Zima kwanza."

Hakusema kama kabadili shauri. Alimsaidia mama yake kuketi, akamfunga mtandio mwenyewe, mbele kama kawaida, akaniomba niweke miadi ya wawili, bibi na binti, piko likishaondoka na posa ikishapita. Kisha wakatoka. Ibtisam peke yake ndiye alonitazama.

Jioni nilimpigia simu dada yangu, nikamuuliza chale za mgongoni kwa mama yetu zilikuwa za nini. "Dawa ya pumu," akasema. "Mama alikuwa na pumu?" Akasema sasa nnapofikiri, hakuwa nayo. Kumbe nyumba ngapi Maskati zina dawa ya macho na dawa ya pumu. Tunawafunza watoto kuwa mkataa kwao mtumwa, halafu tunawavutia mama zetu mitandio mpaka kwenye nyusi. Mama yetu hayuko tena wa kuulizwa, na hilo liliniuma na bado linaniuma.

Wiki ile ya mwisho mlokuwa mnanifichia keki kwenye friji ya dawa, kosa ambalo nimelisamehe, ndiyo wiki ya miadi yao. Alikuja Ibtisam peke yake. Akanambia miadi yake na ya bibi tuwape watu wengine. Nikamuuliza, "Posa imevunjika?"

Akavuta kile kigoda changu cha magurudumu, akakaa, akanisimulia. Namna alivonisimulia ndivo ninavokusimulieni, ili muwe nayo siku mtakapomlaza mtu chini ya ule mwanga na mkono wenu ukasita.

Mama wa kijana alikwenda umra, posa ikasogezwa mbele, na piko likachuja lote. Bi Rahma akanunua saa ya ukanda mpana, akamvisha binti yake mwenyewe. Wageni wakaja. Halua ikaliwa, kahawa ikapita, mazungumzo yakenda vizuri, Bi Ghaliya kakaa pembeni na mtandio wake mbele. Halafu mama wa kijana akafungua mkoba akatoa bangili ya dhahabu. Kwao ada ni mama mkwe kumvisha mchumba kwa mkono wake.

"Vua saa, mwanangu," akasema.

Ibtisam akamtazama mama yake. Akavua. Bangili ikapita vidole, ikafika kwenye kifundo, ikasimama. Mama wa kijana akaugeuza mkono kwenye mwanga wa dirisha.

"Nini hizi?"

Walikuwa wamepatana, likitokea hilo, Ibtisam aseme ni ujinga wa uanafunzi, naye anakwenda hospitali kutoa. Akafungua mdomo aseme. Bi Rahma akamtangulia.

"Ni alama za bibi yangu, mzaa mama. Mama yangu anazo usoni, alitiwa na yeye. Alikuwa Mnyamwezi wa Tabora. Aliachwa kule, mama akaletwa huku."

Vikombe vikabaki mikononi. Ibtisam alinambia alikuwa akiisikia saa aloivua, ikienda, juu ya kochi. Mama wa kijana hakuuachia mkono. Aliitazama ile mistari, akamtazama Bi Ghaliya kwenye kiti chake, akarudi kwa Bi Rahma.

"Bibi yako akiitwa nani?"

Na Bi Rahma, anayejua kwa kichwa jina la kila mwanafunzi wa skuli yake na jina la baba yake, hilo alikuwa halijui. Maisha yake yote hakuwahi kuuliza. Akageuka mbele ya wageni, machozi yanamtoka, akamuuliza mama yake kama mtoto.

"Mama. Bibi akiitwa nani?"

Bi Ghaliya akaweka kikombe chini.

"Nyamizi," akasema. "Mama yangu akiitwa Nyamizi."

Mama wa kijana akalirudia jina lile pole pole, asije akalikosea. Kisha akaisukuma bangili mpaka ikapita mistari, akaiweka sawa, akamwambia Bi Rahma, "Haya. Tutafuteni siku ya milka, waandikiwe ndoa."